Jinsi ya Kuchagua Toleo Sahihi la Filamu ya Katuni kwa Maktaba ya Nyumbani

Filamu ya Sleeping Beauty ya mwaka 1959 ilipigwa kwa mfumo wa Super Technirama 70, ambao picha yake ina upana unaozidi mara mbili ya kimo chake, na msanii Eyvind Earle, aliyeongoza mtindo wa mandhari yake, aliijaza picha hiyo miti, kuta na majani hadi kwenye kingo zote mbili. Aliyekutana na kazi hiyo kupitia kanda ya video iliyokatwa pembeni ili ijaze kioo cha televisheni za zamani aliona takriban nusu tu ya kilichochorwa. Jina kwenye jalada lilikuwa lilelile, hadithi ileile, nyimbo zilezile, ila picha aliyoitazama ilikuwa kipande cha picha.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujenga maktaba ya filamu ndefu za katuni nyumbani aanze kwa kuijua filamu jinsi ilivyotoka mikononi mwa walioitengeneza, kisha apime kila kanda, kila diski na kila nakala ya mtandaoni kwa kipimo hicho kimoja. Toleo jipya si lazima liwe bora kuliko la zamani, na toleo la ghali si lazima liwe kamili. Maelezo yanayofuata yanaonyesha namna ya kupima.

Andika sifa za asili kabla ya kutafuta nakala

Chukua karatasi na uandike mambo matano kuhusu filamu unayoitaka: mwaka iliotoka, urefu wake kwa dakika, uwiano wa upana na kimo cha picha yake, lugha yake ya asili, na njia iliyotumika kuitengeneza. Mambo haya yanapatikana kwa urahisi kwenye kumbukumbu za filamu, nayo yatakuokoa na makosa mengi ya ununuzi.

Uwiano wa picha ndio wa kuutazama kwa makini zaidi. Filamu za katuni zilizotoka kabla ya miaka ya 1950, kama Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937 au Bambi ya mwaka 1942, zilichorwa kwa uwiano wa 1.37 kwa 1, yaani picha inayokaribia mraba. Ukiona nakala yake inajaza kioo chote cha televisheni ya kisasa, jua kwamba ama imekatwa juu na chini, ama imevutwa hadi wahusika wakanenepa. Mapande meusi kulia na kushoto ni dalili njema katika filamu za umri huo, wala mtazamaji asiyaonee uchungu. Mwaka 1955 Lady and the Tramp ikawa filamu ndefu ya kwanza ya katuni kutengenezwa kwa CinemaScope, mfumo wa picha pana sana, na kuanzia hapo mapande meusi yanaweza pia kuwa juu na chini, tena mapana.

Kati ya ncha hizo mbili zipo filamu zenye utata wa haki. The Jungle Book ya mwaka 1967 ilipigwa kwenye filamu yenye fremu inayokaribia mraba, lakini kwenye majumba ya sinema ilioneshwa ikiwa imefunikwa sehemu ya juu na ya chini. Diski yenye fremu nzima huonyesha michoro mingi zaidi, na ile yenye fremu ya sinema huonyesha mpangilio uliokusudiwa kuonekana na watazamaji. Mimi huchagua fremu ya sinema, kwa sababu mchoraji alipanga nafasi ya vichwa na anga akijua mahali pazia litakapofika; hata hivyo simlaumu anayetaka kuona kila kilichochorwa. Utata wa namna hiyo umo pia katika filamu za Disney za miaka ya 1990 zilizopakwa rangi kwa kompyuta, ambazo ziliandaliwa kwa uwiano wa 1.66 kwa 1 huku sinema nyingi zikizionyesha kwa 1.85 kwa 1, na kwa hiyo nakala za nyumbani zinaweza kutofautiana bila yoyote kuwa na kosa. A Bug's Life ya mwaka 1998 ni kisa cha peke yake: kwa toleo la televisheni za mraba watengenezaji hawakukata pembeni tu, bali walipanga upya picha nyingi kwa kompyuta, wakasogeza wahusika na kuongeza nafasi juu na chini.

Urefu nao unahitaji hesabu ndogo. Filamu ya sinema hukimbia picha 24 kwa sekunde, ilhali mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika na Asia, unatumia picha 25. Njia ya kawaida ya kuhamisha filamu kwenye kanda na DVD za PAL ilikuwa kuikimbiza kidogo, hivyo filamu ya dakika 100 huisha kwa dakika 96. Ukikuta DVD ya PAL ina upungufu wa asilimia nne, usidhani kuna kilichokatwa. Ila sauti nayo hupanda kidogo isiporekebishwa, na katika filamu iliyojaa nyimbo mwenye sikio la muziki hulitambua jambo hilo mara moja. Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD, kwa kawaida huchezesha picha 24 na kuondoa tatizo hili, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuipendelea.

Tambua kama filamu imebadilishwa

Upungufu unapozidi asilimia nne, au urefu unapozidi ule ulioandika, una toleo lililobadilishwa mkononi, na ni vema ujue lipi. Nausicaä of the Valley of the Wind ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1984, ilitolewa Marekani mwaka uliofuata kwa jina la Warriors of the Wind ikiwa imepunguzwa kiasi cha dakika 22, majina ya wahusika yakabadilishwa na hoja yake ya uhusiano wa binadamu na mazingira ikafifia. Kanda zake zilisambaa sana, na aliyeitazama filamu hiyo kwa njia hiyo hakuwa ameiona kazi ya Miyazaki.

Mabadiliko mengine ni madogo lakini yana uzito. Maneno ya wimbo wa ufunguzi wa Aladdin ya mwaka 1992 yalibadilishwa kwenye toleo la video la mwaka 1993 baada ya Waarabu wa Marekani kulalamika kwamba yanawadhalilisha. Sigara ya Pecos Bill katika Melody Time ya mwaka 1948 ilifutwa kidijitali kwenye matoleo ya nyumbani ya Marekani, na Make Mine Music ya mwaka 1946 ilipoingia kwenye DVD huko mwaka 2000 sehemu nzima ya ugomvi wa koo mbili haikuwemo. Mtu anaweza kuona busara katika baadhi ya mabadiliko haya. Nami naona sababu za wimbo wa Aladdin ni za kueleweka kabisa. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua, na mara nyingi jalada halimwambii.

Upo pia upanuzi. Wimbo ulioachwa wakati wa utengenezaji wa Beauty and the Beast ya mwaka 1991 ulichorwa na kurudishwa ndani ya filamu mwaka 2002, na DVD ya mwaka huo ilikuwa ya mfano wa kuigwa: ilimpa mtazamaji uchaguzi kati ya filamu ya sinema, filamu iliyopanuliwa, na nakala ya kazi ambayo haijakamilika, iliyooneshwa kwenye tamasha la filamu la New York mwaka 1991, yenye michoro ya penseli mahali ambapo rangi hazijafika. Ukipata toleo linalohifadhi filamu ya sinema na kuweka nyongeza kando, lichukue bila kusita. Ukipata lile lenye nyongeza pekee, endelea kutafuta.

Soma rangi na mistari, wala usidanganywe na usafi

Hapa ndipo penye elimu kubwa zaidi, na ndipo wanunuzi wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba picha safi ni picha sahihi.

Katuni za enzi ya plastiki angavu, yaani karatasi za plastiki zinazoonyesha kilicho nyuma yake, zilichorwa kwa mkono, zikawekwa juu ya mandhari iliyopakwa rangi, zikapigwa picha moja baada ya nyingine. Kwa kuwa mchoro hautikisiki, filamu nyingi za rangi za Disney zilipigwa kwa njia ambayo filamu ya watu halisi isingeiweza: kila mchoro ulipigwa mara tatu mfululizo kwenye mkanda mmoja wa rangi nyeusi na nyeupe, kila mara kwa kichujio tofauti, chekundu, kijani na buluu. Mkanda mama wa namna hiyo hauna rangi za kuchujuka, na ndiyo maana filamu ya mwaka 1937 inaweza leo kuwa na rangi nzito kuliko filamu nyingi za miaka ya 1970. Lakini kwa sababu hiyohiyo, rangi za diski hutegemea uamuzi wa anayeziunganisha picha hizo tatu. Snow White ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kuingizwa yote kwenye kompyuta, ikasafishwa na kurudishwa kwenye filamu, mwaka 1993. Tangu hapo imesafishwa upya zaidi ya mara moja, na rangi za ngozi na za nguo zimekuwa tofauti kila mara. Usichague kwa kuangalia ipi inang'aa zaidi. Angalia kama kivuli kina rangi ndani yake, kama usiku ni usiku, na kama mandhari ya rangi za maji bado inaonyesha alama za brashi.

Kosa la rangi linaweza kuikumba hata filamu mpya. Spirited Away ilipotoka kwenye DVD nchini Japani mwaka 2002, wanunuzi walilalamika kwamba picha ina wekundu ambao hawakuuona kwenye sinema, na suala hilo likafika mahakamani. Blu-ray iliyofuata mwaka 2014 haikuwa na wekundu huo. Jifunze kutafuta kitu cheupe ndani ya filamu, kama wingu, karatasi au shuka, na kukitazama kwenye matoleo mawili. Kitu cheupe hufichua kosa la rangi haraka kuliko kitu kingine chochote.

Mistari nayo ina lugha yake. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa idara ya wino katika studio ya Disney walinakili kila mchoro kwa mkono kwenye plastiki, wakitumia wino wa rangi mbalimbali, kwa hiyo mstari wa shavu unaweza kuwa wa kahawia laini na wa gauni ukawa wa samawati. Kwa One Hundred and One Dalmatians ya mwaka 1961 studio ilianza kuhamisha michoro yote ya filamu ndefu kwa mashine ya kunakili, na mistari ikawa myeusi, yenye ukwaru wa penseli. Ukwaru huo ni sehemu ya uzuri wa filamu hizo. Tatizo ni kwamba programu za kusafisha picha haziwezi kutenganisha ukwaru wa penseli na chembechembe za filamu, na zikitumiwa kwa nguvu hufuta vyote viwili: mistari myembamba hukatika, nywele huwa bonge moja la rangi, na wakati mhusika anapokimbia mkono wake huyeyuka kidogo.

Ili kujaribu diski, simamisha picha mahali penye mwendo wa kasi, kisha utazame vidole, kope na nyuzi za nywele. Halafu tazama mandhari kamera inapopita juu yake polepole. Ukiona chembechembe ndogo zinazotembea, furahi. Ni filamu yenyewe hiyo. Ukiona ukuta laini kama plastiki na mistari inayopotea na kurudi, rudisha diski ikiwa bado unaweza. Niliwahi kuitoa DVD yangu ya zamani kwa sababu nilikuwa nimenunua Blu-ray ya filamu ileile, nikaja kugundua kwamba ile DVD, pamoja na uchache wa nukta zake, ilikuwa na michoro ambayo Blu-ray iliifuta. Tangu siku hiyo siachi toleo la zamani kabla ya kulilinganisha na jipya kwa saa nzima.

Kuhusu ukali wa picha, takwimu ni rahisi. DVD hubeba nukta 720 kwa 480, au 720 kwa 576 katika PAL. Blu-ray, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, hubeba 1920 kwa 1080. Na Ultra HD Blu-ray ya mwaka 2016 hubeba 3840 kwa 2160. Lakini diski haiwezi kutoa kisichokuwemo kwenye asili. Toy Story ya mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, ilitolewa kwenye kompyuta kwa nukta 1536 kwa 922, kwa hiyo picha ya diski ya 4K, yaani Ultra HD Blu-ray, imekuzwa, na faida yake halisi iko kwenye upana wa mwanga na rangi. Filamu iliyopigwa kwenye mkanda wa milimita 35, ikisomwa upya kutoka kwenye mkanda mama, ina mengi zaidi ya kukupa. Ikiwa fedha yako inatosha toleo moja tu la 4K, ichagulie filamu iliyochorwa kwa mkono.

Sauti na tafsiri

Angalia kwanza kama mkondo wa sauti wa asili umo, hata kama umeongezewa mpya wenye spika nyingi. Kisha angalia lugha. Katika filamu za Japani kuna mtego mmoja wa kawaida: maandishi ya tafsiri chini ya picha mara nyingine hayatafsiri Kijapani, bali yananakili maneno ya sauti za Kiingereza zilizoingizwa baadaye, pamoja na sentensi ambazo waandishi wa Kiingereza waliziongeza. Jaribio lake ni jepesi. Weka sauti ya Kijapani, washa maandishi, kisha tafuta mahali ambapo mhusika ametupa mgongo au kamera inaonyesha mandhari tu. Maandishi yakitokea wakati hakuna anayesema, umekwisha kujua yametoka wapi. Matoleo mazuri huwa na maandishi ya namna mbili, moja kwa kila sauti.

Vifaa na mipangilio

DVD zimegawanywa kwa maeneo sita makuu ya dunia, na Blu-ray kwa maeneo matatu, A, B na C; Japani iko pamoja na Ulaya kwenye DVD lakini pamoja na Marekani kwenye Blu-ray, jambo linalowachanganya wengi. Ultra HD Blu-ray haina mgawanyo huo. Hakikisha deki yako inakubali diski kabla ya kuagiza kutoka mbali.

Televisheni nayo inaweza kuharibu diski nzuri. Zima kipengele kinachoulainisha mwendo kwa kubuni picha za katikati. Katika uhuishaji wa mkono mchoro mmoja mara nyingi hushikiliwa kwa picha mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na mchoraji alipima uzito na mshtuko wa kila tendo kwa hesabu hiyo. Televisheni ikijaza nafasi hizo, mdundo wa kazi yake unapotea. Zima pia nyongeza za ukali na hali za rangi kali, chagua hali ya sinema, na uzuie televisheni kuvuta picha.

Kununua kwa watu, na kutunza

Kwa miongo mingi Disney ilizirudisha filamu zake sinema kila baada ya miaka kadhaa, na ilipoingia kwenye video iliendeleza desturi hiyo kwa kuuza toleo kwa muda na kisha kuliondoa. Ndiyo sababu Snow White haikufika kwenye kanda nchini Marekani hadi mwaka 1994. Desturi hiyo ilizaa imani kwamba kanda za zamani ni hazina. Kanda za mfululizo wa Classics, zilizoanza na Robin Hood mwaka 1984 na kutambulika kwa alama ya almasi nyeusi kwenye mgongo wa kasha, hutangazwa mara kwa mara kwa bei za kustaajabisha. Bei anayoitaja muuzaji si bei anayolipwa. Nyingi ya kanda hizo zilitengenezwa kwa mamilioni, hivyo tazama mauzo yaliyokamilika kabla ya kutoa fedha. Soma pia jina hadi mwisho, kwa maana tangu The Return of Jafar ya mwaka 1994 zilitengenezwa filamu nyingi za kuendeleza hadithi zilizokwenda moja kwa moja kwenye video, na majalada yake hufanana sana na ya filamu za sinema.

Diski ishike kwa kingo, uifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, na uisimamishe wima kwenye kasha lake. Kanda irudishwe mwanzo baada ya kutazamwa, isimame wima, iwe mbali na joto, unyevu na sumaku. Kanda yenye ukungu mweupe usiitie kwenye deki hata kidogo, kwa maana itachafua vichwa vya deki na kuziambukiza kanda nyingine.

Na kabla ya kutupa kanda yoyote, uliza kama kilichomo kipo kwingineko. Fantasia ya mwaka 1940 ilipoandaliwa kwa DVD ya mwaka 2000, maelezo marefu ya Deems Taylor, msimulizi wa filamu hiyo, yalirudishwa kwenye filamu, lakini sauti yake ya sehemu zilizokatwa zamani ilikuwa imeharibika, hivyo maelezo yote yakasomwa upya na mwigizaji Corey Burton. Sauti ya Taylor mwenyewe, ingawa kwa ufupi, imo kwenye kanda za mwaka 1991. Kanda za namna hiyo ndizo za kuhamishiwa kwenye kompyuta kwanza, kwa deki iliyosafishwa, mara moja na bila kusimama katikati, kisha zirudishwe kwenye makasha yake.